Mvua za Wastani, Wastani wa Nani?

Kila mwaka kabla ya msimu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huwaita waandishi wa habari na kutangaza utabiri wa mvua. Vuli ina siku yake, Masika ina yake, na mikoa inayopata mvua mara moja kwa mwaka, kama Dodoma, Singida na Tabora, hupewa utabiri wa Novemba hadi Aprili. Taarifa yenyewe huwa ndefu. Ina ramani, ina maelezo ya joto la bahari, ina wiki ambayo mvua zinatarajiwa kuanza na wiki ambayo zitakoma. Ikishapita kwenye redio, inayobaki masikioni mwa mkulima ni sentensi moja tu: mvua zinatarajiwa kuwa za wastani hadi chini ya wastani katika maeneo mengi.

Mkulima huyo akipanda, mbegu zikafia ardhini, watu wa mjini husema wakulima hawasikii. Wakulima nao husema watu wa hali ya hewa ni waongo. Kauli zote mbili nimezisikia kwa miaka mingi na sikubaliani na hata moja. Utabiri tulio nao sasa una thamani kubwa kuliko sifa unazopewa, na wakulima wanausikiliza sana, kwa sababu hakuna mtu anayeiwaza mvua kama aliyeweka mbegu yake ya mwisho chini. Kinachokosekana ni kipimo. Tunawapa watu namba zisizowasaidia kuamua lolote shambani, jikoni wala bombani, halafu tunashangaa wakizipuuza.

Tuanze na huo wastani. Kwa TMA, mvua za wastani ni zile zinazoangukia kati ya asilimia 75 na 125 ya kiasi ambacho eneo husika limekuwa likipata kwa miaka mingi. Dodoma hupata kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka, karibu zote zikinyesha katika msimu huo mmoja. Tuchukue 570. Asilimia 75 yake ni kama milimita 430, na asilimia 125 ni zaidi ya 710. Kwa hiyo msimu wa milimita 430 ni wa wastani, na msimu wa milimita 710 nao ni wa wastani. Mahindi yanahitaji kati ya milimita 500 na 800 hadi yakomae. Katika msimu wa kwanza mwenye shamba la mahindi anavuna mabua, katika wa pili anajaza ghala, na utabiri umekuwa sahihi mara zote mbili. Mtu wa Chamwino akiniambia kwamba alitangaziwa mvua za wastani na akala hasara, sina sababu ya kumwambia hakuelewa. Alielewa vizuri kabisa kile alichoambiwa.

Sasa nenda Bukoba, ambako mvua ya mwaka hufika milimita 2,000. Hata mwaka wa milimita 1,400, ambao kwa Bukoba ni mwaka wa chini ya wastani, unazidi mara mbili mvua ya mwaka wa kawaida wa Dodoma. Neno moja la redioni limebeba hali mbili zisizofanana hata kidogo. Wastani ni kipimo cha mahali dhidi ya historia yake, wakati mkulima anauliza kuhusu mahali dhidi ya zao lake. Mwenye migomba ya Bukoba na mwenye uwele wa Mvumi, Dodoma, wangepaswa kupewa majibu mawili tofauti, na kwa kuwa takwimu za kila kituo zipo, kuyaandaa majibu hayo kunawezekana.

Kisha kuna milimita yenyewe. Watu wengi wanaijua kwenye rula ya shule, na wakisikia kwamba jana zilinyesha milimita 20 wanaona kitu kidogo, unene wa kidole gumba tu. Milimita moja ya mvua ikitua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hesabu haina zaidi ya hapo, lakini sijawahi kuisikia ikitajwa kwenye taarifa ya habari. Ekari moja, ile ambayo mashambani tunaipima kwa hatua 70 kwa 70, ina takriban mita za mraba 4,047. Maana yake milimita moja tu inaliingizia shamba hilo lita 4,000 na ushee, sawa na madumu 200 ya lita 20. Mvua ya milimita 20 ni madumu 4,000. Mwambie hivyo mama anayebeba dumu kichwani kutoka kisimani, hatahitaji kufafanuliwa zaidi.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Paa la bati la mita 8 kwa 10 likipokea milimita 10 linamwaga lita 800, yaani mapipa manne, ukitoa kidogo kinachopotea kwenye mfereji. Na TMA inaposema mvua kubwa inamaanisha inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kwa kilomita moja ya mraba ya jiji, iliyojaa lami na zege, hizo ni lita milioni 50 zinazotafuta pa kwenda. Mkazi wa Jangwani, Dar es Salaam, akisikia milimita 50 anabaki ndani kwake. Akiambiwa ni kiasi gani cha maji kinashuka kwenye bonde la Msimbazi kutoka kila kilomita ya mraba iliyo juu yake, pengine atahamisha godoro na vyeti vya watoto kabla ya usiku.

Upande wa pili wa hesabu husahaulika zaidi, nao ni kile jua linachochukua. Katika nyanda kame za kati, jua na upepo vina uwezo wa kukausha milimita 5 au zaidi kwa siku. Manyunyu ya milimita 5 yaliyoleta harufu nzuri ya udongo jioni yamekwisha kesho yake. Ndiyo maana mvua ya kwanza huwadanganya watu. Vumbi linatulia, majirani wanatoka na majembe, na anayesubiri anaonekana mvivu. Wiki mbili baadaye miche iliyoota inakunjamana na mbegu ya kurudia haipo. Kama kungekuwa na chombo pale kijijini kilichoonyesha kwamba zilizonyesha ni milimita 6, na kama kila mtu angejua kwamba 6 ni chakula cha jua cha siku moja, debe zima la mbegu lingeokoka.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo jumla ya msimu hulificha kuliko yote. Mahindi hayali jumla. Yanakula kwa siku, na siku yanazodai kwa ukali zaidi ni zile za kutoa mbelewele. Shamba lililopata milimita 600 zikiwa zimekatika wiki tatu wakati huo huweza kuvuna kidogo kuliko lililopata 480 zilizogawanyika vizuri. TMA huonya kuhusu vipindi virefu vya ukavu ndani ya msimu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kubwa katika utabiri wote. Ndiyo pia inayokatwa kwanza mhariri anapotafuta nafasi. Vichwa vya habari vinataka mafuriko au ukame, na ukavu wa siku 18 mwezi Februari hauingii kwenye fungu lolote kati ya hayo mawili.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili. Kule Unguja, kuanzia Siku ya Mwaka ambayo Makunduchi bado wanaiadhimisha kwa Mwaka Kogwa, siku zilihesabiwa kwa makumi. Kila kumi ni mwongo, na kila mwongo una kazi yake: huu wa kusafisha shamba, huu wa kupanda, huu wa kusubiri kusi litulie ndipo vyombo vitoke. Mabaharia na wakulima walitazama pia Kilimia, lile kundi la nyota, na msemo wao unajulikana hadi leo: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sisemi turudi kupanda kwa nyota. Bahari ya Hindi imepata joto na mvua zimebadili tabia, na kalenda yoyote inayodhani miaka inafanana inazidi kuwapotosha wanaoifuata. Ninachokiona ni kwamba kalenda ile ilikuwa imefungwa kwenye kazi. Hakuna mtu aliyehesabu mwongo ili ajue tu. Na wanasayansi nao hutoa taarifa za kila siku kumi, urefu ule ule, kwa sababu siku kumi ndizo zinazomwezesha mtu kupanga palizi, mbolea na vibarua. Taarifa hizo zipo. Nawauliza maofisa ugani ninaokutana nao ziko wapi kwenye mbao za matangazo za kata, na jibu mara nyingi ni kwamba zinakuja kwa barua pepe.

Suala la kuaminiana nalo lina historia yake, na si haki kuipita. Aprili 2021 TMA ilitoa tahadhari ya kimbunga Jobo. Pwani nzima ilijiandaa, kisha kimbunga kikapungua nguvu kilipokaribia nchi kavu, na watu walioamka wakakuta kumetulia waliifanya mamlaka kuwa kichekesho cha wiki nzima. Mimi nilikerwa na vicheko vile. Pwani yetu hupigwa na vimbunga kwa nadra, lakini hupigwa: cha Aprili 1872 kilifyeka mikarafuu ya Unguja kiasi kwamba Pemba ikachukua uongozi wa zao hilo, na cha Aprili 1952 kiliiharibu Lindi. Kutangaza hatari isiyotimia ni gharama ya kazi hii. Miaka mitatu baada ya Jobo, Mei 2024, kilikuja kimbunga Hidaya. Tahadhari ilitolewa na mamlaka ile ile, na safari hii Kilwa ilipata karibu milimita 200 ndani ya siku moja, wakati wastani wa mwezi mzima wa Mei pale haufiki 100. Barabara ya kwenda Lindi ilikatika. Sidhani kama wote waliocheka mwaka 2021 walijiandaa vya kutosha mwaka 2024, na sehemu ya lawama ni yetu sisi vyombo vya habari. Hatukuwahi kueleza kwamba uwezekano wa asilimia 70 unabeba ndani yake mara tatu kati ya kumi ambazo jambo halitokei, na kwamba mara hizo tatu hazimfanyi mtabiri kuwa mwongo.

Kenya ilipitia mtihani mgumu zaidi. Mwaka 2023 utabiri ulionyesha mvua za mwisho wa mwaka zingekuwa kubwa kuliko kawaida, bahari zote mbili, Pasifiki na ya Hindi, zikisukuma upande huo huo. Mwanzoni mwa Oktoba Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba wataalamu wamesema El Nino haitakuja tena, ila mvua nyingi zitakuwepo. Novemba mafuriko yakaua zaidi ya watu 100, na kaunti zilizopigwa sana zilikuwa za kaskazini na mashariki, Mandera, Wajir, Garissa, Tana River, ambazo zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka kwenye ukame wa misimu mitano mfululizo. Tazama mjadala ulivyokwenda. Taifa zima lilibishana kama kinachokuja kinastahili jina la El Nino au hapana, kwa sababu tangu 1997 na 1998 jina hilo limegeuka kipimo cha mvua vichwani mwa watu. Chini ya ile ya 1997, watu hukaa. Juu yake, huhama. Mwenye duka kando ya mto hakuwa na haja ya jina. Alihitaji kujua kama maji yatafika mlangoni.

Ukame nao hupimwa kwa kumbukumbu namna hiyo. Ugogo wanaikumbuka Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, na anayeitaja hahitaji kutaja milimita. Lakini Mtunya haikuletwa na mawingu peke yake. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamepita yakikomba nafaka, ng'ombe na wapagazi, ndipo mvua zikakosekana juu ya ghala tupu. Ukiupima ukame ule kwa kipima mvua tu utapata jibu la uongo. Mvua ndogo ile ile inaweza kuwa mwaka mgumu wa kawaida au janga, kutegemea nini kilibaki kwenye vihenge na nani alikichukua.

Kwa hili naisifu Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame ya Kenya, NDMA, iliyoanzishwa mwaka 2011. Kila mwezi hutoa taarifa za kaunti 23 kame, na ndani yake, pamoja na picha za setilaiti zinazoonyesha hali ya majani, kuna vipimo ambavyo mfugaji yeyote anavifahamu: umbali wa kwenda kunywesha, maziwa yanayopatikana kwa kaya, na mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za mahindi sokoni. Hicho cha mwisho nakipenda kuliko vyote. Majani yakikauka mbuzi anakonda, wafugaji wengi wanauza kwa pamoja, bei ya mbuzi inaanguka, na kwa kuwa mahindi nayo yameadimika bei yake inapanda. Kipimo kimoja kinakusanya mvua, malisho, soko na tumbo la mtoto. Mbuzi aliyekuwa akileta gunia akianza kuleta nusu gunia, ukame umefika, hata kama angani kuna mawingu. Kenya ilikuwa na namba hizo mkononi kati ya 2020 na 2023 na bado mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa, kwa hiyo sidai kwamba kipimo kizuri kinatosha. Fedha zilichelewa. Lakini kwa sababu namba zilitangazwa, kuchelewa kule kulionekana na watu wakaweza kuwauliza viongozi wao.

Kwetu hata kuuliza ni vigumu. Mwishoni mwa 2022 Dar es Salaam iliingia kwenye mgawo wa maji kwa sababu mto Ruvu ulikuwa umepungua. Wakazi wengi waliona ajabu, kwani manyunyu yalikuwa yameanguka mjini. Mvua ya Kariakoo haijazi Ruvu, mto unaotegemea kinachonyesha milima ya Uluguru na maeneo ya juu yake. Bili inasoma uniti, uniti ni lita 1,000, yaani madumu 50, na bomba likikauka familia inanunua dumu moja moja kwa bei anayoitaka mwenye mkokoteni. Kina cha Ruvu kingetangazwa kila wiki kwa lugha ya madumu yanayoweza kufika mjini, watu wangeona mgawo unakuja miezi kabla, na wangeuliza mapema zaidi kuhusu bwawa la Kidunda ambalo lilizungumzwa kwa miongo kabla ya kuanza kujengwa.

Kuna kitu kimoja kinachoua imani kimyakimya, nacho ni umbali wa kituo. Redio inasema Dodoma imepata milimita 32. Kipimo hicho kimesomwa mahali pamoja. Mvua zetu za ngurumo ni za vipande. Hunyesha mtaa wa Chang'ombe, watu wa mtaa wa Nkuhungu wakitazama. Mtu aliye kilomita 40 nje ya mji, ambaye kwake halikudondoka tone, anasikia taarifa ile na anahitimisha kwamba serikali haijui anakoishi. Kwa maana fulani yuko sahihi. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya duka na pampu ya mafuta, na hupambana na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ili mkulima asipunjwe gunia lake. Kiasi cha mvua kilichotua kwenye kata yake, ambacho ndicho kitakachoamua kama atakuwa na gunia la kupunjwa, hakipimwi na mtu yeyote.

Kupima si kazi ya wataalamu pekee. Kipima mvua hufungwa mahali pa wazi, mbali na miti na kuta, mdomo wake ukiwa umelala sawasawa, husomwa kila siku saa tatu asubuhi, na namba huandikwa hata kama ni sifuri. Sifuri zina maana sana. Ndizo zinazohesabu ukavu. Kila kata ina shule ya msingi, kila shule ina walimu na wanafunzi wanaojifunza vipimo vya ujazo bila kuona vinatumika wapi. Namba za wiki zikibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji, karibu na utabiri wa siku kumi wa TMA, baada ya misimu mitatu kijiji kitajua chenyewe utabiri unapatia mara ngapi pale kwao. Asilimia ya usahihi ya nchi nzima, ambayo viongozi wa mamlaka huitaja kwa fahari, haimwambii hivyo mtu wa Mvumi. Naamini wengi watagundua kwamba unapatia mara nyingi kuliko walivyodhani, na ikionekana haupatii, TMA itakuwa imepata takwimu inazozihitaji bila kulipia kituo kipya.

Kwenye kata za nyanda kame ningeongeza kitu kimoja juu ya ubao huo: mahitaji ya maji ya mazao ya pale, mahindi, mtama, uwele, alizeti, yakiwa kwa milimita ili yalinganishwe na kilichokwisha kunyesha. Bwana shamba angesimama mbele yake mwishoni mwa Desemba akiwa na jambo la kusema, kwamba mpaka leo tuna 140, ukavu unatarajiwa Februari, anayetaka kupanda mahindi sasa apande ya muda mfupi na nusu ya shamba aweke mtama. Huo ni ushauri ambao mtu anaweza kuukubali au kuukataa akijua anachokikataa.

Chombo chenyewe ni kikombe cha plastiki chenye mistari, na kukifunga kwenye nguzo uwanjani mwa shule ni kazi ya asubuhi moja. Halmashauri zinazosimamisha malori barabarani na kuhesabu gunia kwa gunia ili zitoze ushuru wa mazao haziwezi kusema hazina fedha za kupima mvua iliyoyaotesha.